Aliyevuka Nyamwika

Asubuhi ya Ijumaa, siku ya mwisho ya marekebisho, Eufrasia Nyagawa alifika kwenye chumba cha Sikio, ile mashine inayosikiliza msitu, mapema kuliko siku zote. Akajifungia, akajimiminia chai, na kabla hajaionja akaulizwa swali alilokuwa akilikwepa kwa miaka kumi na tisa.

"Nyayo hizi ni za nani?" Sikio liliuliza.

Lilikuwa na sauti tulivu, isiyo ya kiume wala ya kike, sauti ya mtu ambaye hajawahi kugombana na wifi yake. Ukutani ikatokea ramani ya Msitu wa Isimbila, na juu yake mistari miwili ya vitone ikipanda sambamba kutoka kambini hadi Mto Nyamwika. Hapo mtoni iliachana. Mmoja ulivuka, ukaendelea kupanda hadi kwenye mlango wa bwawa la Kising'a. Mwingine uligeuka ukarudi kambini.

"Watembeaji wawili, wote wanawake," Sikio likaendelea. "Uzito unafanana. Hatua zinafanana. Buti ni za aina moja. Aliyevuka ni Eufrasia Nyagawa kwa asilimia hamsini na moja, au Wende Luhwago kwa asilimia arobaini na tisa. Naomba shahidi athibitishe."

Eufrasia akaweka kikombe chini. Hamsini na moja. Hata mashine, kwa kubahatisha tu, ilikuwa imempendelea yeye. Alijisikia vizuri kwa muda mfupi, kisha akajisikia vibaya kwa kujisikia vizuri.

Tatizo lilikuwa buti. Miaka ile idara iliagiza buti za doria za saizi moja, namba tisa, maana aliyeagiza alikuwa mwanamume na alipima mguu wake. Wanawake walipewa hizohizo. Wakawa wanajaza matambara kwenye vidole na kupanda milima hivyohivyo, wote wakiburuta kisigino kwa namna ileile. Vipokezi vilikuwa vimefukiwa ardhini kila baada ya hatua thelathini, kila kimoja ukubwa wa muhogo, na viliweza kutofautisha ngiri na nguruwe pori kwa mwendo tu. Mwanaume mmoja na mwingine viliwatofautisha bila shida. Ila wanawake wa doria, vikawaona wote mtu mmoja.

"Nipe muda," Eufrasia akasema.

"Dirisha la marekebisho linafungwa saa sita kamili mchana," Sikio likajibu. "Sasa ni saa tatu na nusu."

Alijua. Dirisha lile yeye ndiye aliyelipigania.

Zamani wakuu wa msitu walikuwa wakirithishana kiti na wapwa zao, mpaka watu wakachoka. Ikapitishwa sheria kwamba Sikio ndilo litakalopendekeza. Likasoma vitabu vyote vya doria vya miaka arobaini, likapima kila uamuzi uliowahi kufanyika msituni na kilichotokea baada yake: nani alizuia moto, nani alifungua maji, nani alikataza ukataji na chemchemi ikarudi. Kila mkuu alipostaafu, Sikio lilitoa majina matatu kwa mpangilio, na Baraza la Misitu likamwapisha wa kwanza. Hakuna mpwa, hakuna bahasha, hakuna shemeji. Watu wakashangilia. Sikio likateua mwanamume, kisha mwanamume, kisha mwanamume, na lilipoulizwa sababu likajibu kwa upole kwamba vitabu havina wanawake.

Na kweli havikuwa nao. Doria ilikuwa na fimbo moja yenye redio kichwani, na desturi ilikuwa aliyeshika fimbo ndiye anayeandikwa. Fimbo walishika wanaume. Wengine wote, wale walioonja maji na kunusa moshi na kujua mti upi unaugua, waliingia kitabuni kwa maneno mawili: na wenzake.

Kwa mwezi mzima Eufrasia alikaa na Sikio akirudisha majina. Kila ingizo lilihitaji wenye nyayo walio hai, kila mmoja atoe ushahidi peke yake, na wakubaliane. Alikuwa amerudisha maingizo zaidi ya elfu nne, na kati ya majina ishirini ya juu sasa kumi na moja yalikuwa ya wanawake. Lakini nafasi tatu za juu bado zilikuwa za wanaume, na wa kwanza alikuwa Osmundi Kiwele, naibu mkuu, kwa sababu ya ingizo moja lililokuwa zito kuliko mengine yote: Kising'a. Mvua ya siku kumi na moja. Bwawa lililokaribia kupasuka. Mlango uliofunguliwa kwa mkono, maji yakashuka taratibu upande wa pili, na vijiji sita vya bondeni na nusu ya msitu vikapona. *Osmundi Kiwele na wenzake walifungua mlango*, ndivyo ilivyosomeka.

Ingizo hilo likienda kwa Eufrasia, yeye ndiye mkuu. Likienda kwa Wende, Wende ndiye mkuu. Alikuwa ameshalipigia hesabu hilo mara nyingi, hata usingizini.

Tuseme ukweli, Eufrasia alimwonea Wende wivu. Si wivu wa kutupiana maneno kisimani. Ulikuwa wivu wa kimyakimya, wa kila siku, aliouzoea mpaka hausikii tena, kama mtu aliyeishi karibu na mashine ya kusaga. Yeye alikuwa na stashahada ya misitu na cheti cha mashine zinazojifunza. Wende alikuwa na darasa la saba na pua. Moto ukianza upande wa mbali, Wende alisimama mlangoni kwake akasema, "Mbona kunanukia mianzi?" na robo saa baadaye ndipo Sikio lilipopiga kengele. Watu walikuja ofisini na ramani zao, Eufrasia akawaeleza vizuri kwa takwimu, wakamsikiliza, wakashukuru, kisha wakaulizana mlangoni, "Wende yuko wapi?"

Halafu Wende akaolewa na kaka yake Eufrasia. Kama msitu haukutosha, akaingia na nyumbani. Mama yao mzazi, alipokuwa anaumwa ugonjwa wa mwisho, alikataa uji wa Eufrasia. "Mwiteni Wende," alisema, "yeye anajua kuukoroga." Eufrasia alisimama na bakuli lake la uji kwenye kizingiti cha mama yake mwenyewe. Jambo hilo hakumwambia mtu yeyote, na hakulisahau.

Lakini lililomuuma kuliko yote lilikuwa kimya cha Wende. Wawili hao tu ndio waliojua kilichotokea mtoni. Walikuwa pamoja, mvua inapiga, wakakuta daraja limekwenda, na maji mekundu yanapita yakibeba magogo. Eufrasia akasema anarudi kutafuta kamba. Hakutafuta kamba yoyote. Alirudi kambini, akaingia hemani, akajifunika blanketi na nguo zake mbichi, akatetemeka mpaka jua likatoka. Kwa miaka kumi na tisa, kwenye misiba na harusi, hata siku walizogombania sufuria, Wende hakuwahi kulitaja. Si kwa neno, si kwa jicho. Wangegombana angalau mara moja juu ya jambo hilo, Eufrasia angepata la kujitetea. Utajitetea vipi mbele ya asiyekushitaki?

Mlango ukagongwa. Alikuwa Osmundi Kiwele mwenyewe, sweta limefungwa vifungo vyote kwa sababu ya ukungu, kofia mkononi.

"Kamwene, dada Eufrasia. Nimekuja kusubiri matokeo hapahapa, kama sikusumbui. Nyumbani mama Onesmo ameshaanza kuchinja kuku. Nimemwambia asubiri, hasikii."

"Kamwene, kaka. Karibu ukae."

Akakaa. Akaiona ramani ukutani, na mistari yake miwili, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kising'a hiyo," alisema.

"Ndiyo."

"Mimi nilitoka kituo cha mashariki, nikazungukia kule juu. Nilipofika, mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Watu hunipongeza mpaka leo na huwa nasema asante, maana ukianza kukanusha kila siku unaonekana unajidai." Akacheka kidogo, akaacha. "Lakini kitabuni niliandika majina yote matatu. Nakumbuka kabisa, kwa mkono wangu. Wende, Eufrasia, mimi. Nilijua mko wawili kule juu. Sasa hii 'na wenzake' sijui ilitokea wapi."

Hakuwa anachokoza. Osmundi alikuwa mtu asiyejua kuchokoza, na ndiyo maana maneno yake yalimchoma Eufrasia vibaya zaidi. Maana yeye alijua ilikotokea. Baada ya Kising'a aliacha doria akaenda chuoni, na mwaka aliorudi na kuajiriwa ofisini, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuingiza vitabu vya karatasi kwenye Sikio kabla mchwa hawajavimaliza. Vilikuwa vingi, na vidole vilimuuma. Mahali ambapo majina ya kina mama yalikuwa yameandikwa pembeni kwa kalamu ya risasi, yeye alifupisha. Na wenzake. Na wenzake. Alifupisha kwa uchovu, ukurasa kwa ukurasa. Ila ukurasa wa Kising'a hakuufupisha kwa uchovu. Aliufupisha ili pasiwe na mtu wa kuuliza, kati ya hao wawili, yupi alivuka.

"Nitakuwa hapo barazani," Osmundi akasema, akainuka. "Kuna kajua kidogo."

Mlango ulipofungwa Eufrasia aliendelea kukaa. Chai ilishapoa, ikatanda utando. Saa nne ikapita, saa tano ikaingia. Mwisho akasema kwa sauti ya mtu anayetapika, "Aliyevuka ni Wende. Wende Luhwago. Mimi nilirudi."

Akangoja ajisikie mwepesi. Hakujisikia mwepesi. Alijisikia kama mtu aliyemvisha mwenzake vazi alilojishonea mwenyewe.

"Ushahidi umepokelewa," Sikio likasema. "Shahidi mwingine, Wende Luhwago, alitoa ushahidi jana saa tisa alasiri, kituo cha juu. Alisema aliyevuka ni Eufrasia Nyagawa. Mashahidi hawakubaliani. Ingizo litabaki lilivyo, Osmundi Kiwele na wenzake. Shahidi yeyote anaweza kubadili kauli kabla ya saa sita kamili."

Eufrasia alisimama. Akakaa. Akasimama tena.

Kwa hiyo hata hapa. Yeye alikuwa amechukua miaka kumi na tisa na asubuhi nzima kujikokota mpaka kwenye jambo moja jema, na alipofika akamkuta Wende ameshafika tangu jana, na bila shaka alikuwa amelifanya kwa dakika mbili, akarudi kumwagilia miche yake. Alimchukia. Alimchukia kwa moyo wake wote, na alijua kabisa kwamba hana haki ya kumchukia, na hilo nalo likawa kosa la Wende.

Saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

Njia rahisi ilikuwa mbele yake. Angesema tu, "Nimekosea, ni mimi." Wende ameshamtangulia kusema hivyo. Hakuna mtu wa tatu. Mwanamke wa kwanza angekalia kiti cha Isimbila, mwanamke aliyesoma, aliyelipigania dirisha lenyewe. Wasichana wa chuo wangepiga naye picha. Na akikataa njia hiyo, na Wende asibadili kauli yake, kiti kinaondoka tena kwa uongo mtakatifu wa wifi yake na ukweli wake yeye uliochelewa, na elfu nne za maingizo zinabaki mapambo.

Akachukua redio.

"Kituo cha juu, kituo cha juu, hapa Sikio. Namtaka Wende."

Ikakwaruza. Kisha sauti ileile, isiyo na haraka. "Wifi. Umekunywa chai?"

"Kwa nini umesema ni mimi?"

Kwa mbali wanawake walikuwa wakicheka, na jembe likigonga jiwe.

"Si unakitaka hicho kiti," Wende akasema. "Mimi nimeona unavyokitaka, miaka yote hii. Mimi nina miche yangu hapa. Wewe umesoma, utaongea nao kwenye mikutano, hawatakuzungusha. Mimi wataniuliza cheti. Nikasema basi, wifi achukue, awe mmoja wetu angalau."

"Umeniachia."

"Mbona unaongea hivyo? Nimekupa tu."

Hapo ndipo wivu wa Eufrasia, uliomfanyia mabaya mengi maishani, ulipomfanyia jambo jingine. Kupewa. Kupewa kiti kama mtoto anavyopewa mfupa ili anyamaze. Angeweza kukiiba, angeweza kukipoteza, lakini kukipokea mkononi mwa Wende na kushukuru kila Krismasi mezani kwa kaka yake, hilo hapana.

Alimjua wifi yake. Ukimbembeleza Wende abadili neno, utabembeleza mpaka mwezi uandame. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Wende hakuwahi kukivumilia, msibani wala harusini: mtu akisimulia jambo la msituni kwa makosa.

"Haya, nashukuru," Eufrasia akasema, na akahakikisha taa ya kupokea ushahidi wa sauti inawaka. "Sasa nisaidie nisije nikajichanganya Baraza likiniuliza. Nitasema nilivuka pale darajani, nikashika kamba..."

"Daraja gani, wifi? Si lilikuwa limeshakwenda?"

"Basi nitasema niliogelea."

"Uogelee Nyamwika mwezi wa nne?" Wende akaguna. "Watakucheka mpaka wazee. Unapanda kushoto, mpaka pale mto unapojibana kwenye mwamba. Kulikuwa na mkuyu umeanguka. Nikatambaa juu yake."

"Na yale mabuti?"

"Niliyavua, nikayatundika shingoni. Na matambara yale yote ndani, ningekanyaga na nini? Nilikwenda peku mpaka ng'ambo, nikayavaa tena chini ya ule mninga."

"Hatua arobaini na mbili hazikusikika mtoni siku hiyo," Sikio likanong'ona chumbani. "Sasa zimeelezeka."

"Halafu nikafika mlangoni," Eufrasia akaendelea, "nikazungusha gurudumu kulia..."

"Kushoto!" Kwa mara ya kwanza Wende alipandisha sauti. "Kulia ni kufunga. Lilishafungwa nusu, likakwama. Ungezungusha kulia lingekatikia mkononi mwako na bwawa lote lingeshuka. Ungeua watu, wifi. Mimi lilinikatalia, nikalitia mti wa mwanzi kwenye tundu, nikaning'inia kwa mwili mzima mpaka likaachia. Nikafungua robo. Robo tu. Nikasubiri maji yapungue nguvu, nikahesabu mpaka mia tano, nikafungua tena. Ukifungua lote mara moja unaua wa upande wa pili."

Habari za daraja na kuogelea Eufrasia alikuwa amezisema kwa kusudi. Habari ya kulia hakuisema kwa kusudi. Alidhani kweli ni kulia. Chini ya kiti kile kuna milango kumi na miwili ya mabwawa, na siku ya mvua mkuu ndiye anayesema ifunguliwe vipi, na walio chini yake wanatii.

"Wende," alisema. "Sikio limesikia."

Jembe kule juu likanyamaza.

"Umenitega, wifi."

"Nimekutega."

"Maneno haya ni kauli yako, Wende Luhwago?" Sikio likauliza, safari hii kwa redio. "Ukikataa, yatafutwa. Dakika kumi na moja zimebaki."

Eufrasia alishika ukingo wa meza. Sehemu yake moja, na hakuwa na sababu ya kujidanganya kuhusu hilo, ilikuwa inaomba Wende akatae.

"Nikikubali," Wende akasema polepole, "wataandika kwamba wewe ulirudi. Msitu wote utajua. Kaka yako atajua."

"Najua."

"Mimi sikutaka ijulikane. Mtu yeyote angeogopa ule mto. Hata mimi niliogopa."

"Ndiyo, lakini wewe ulivuka," Eufrasia akasema. "Jibu swali uliloulizwa, Wende. Miche yako itasubiri."

"Haya. Ni kauli yangu. Ni mimi niliyevuka."

"Nyayo zimetambuliwa," Sikio likasema.

Kule juu mtu alikuwa amesikiliza redio, maana vigelegele vilianza papo hapo, kimoja, kisha vitatu, kisha havihesabiki, na sauti ya Wende ikiwakemea waache upuuzi wamalize safu. Eufrasia alisikiliza vyote. Alikuwa ameshavisikia vigelegele hivyo mara nyingi kichwani mwake, ila kwenye kichwa chake vilikuwa vyake. Vilimuuma. Hakuipunguza redio.

Osmundi alichungulia dirishani, kofia kichwani sasa. Alikuwa amesikia. Akasema, "Kumbe alikuwa Wende," akafikiri kidogo, akaongeza, "Basi yule kuku tutampelekea yeye," akashuka ngazi pole pole, akishikilia ukuta, mtu aliyeamka naibu mkuu na anayerudi nyumbani naibu mkuu.

Zilibaki dakika tatu. Ukutani ingizo la Kising'a lilikuwa wazi likisubiri kufungwa, na Sikio, kwa mazoea, lilikuwa limeshalijaza:

*Wende Luhwago na wenzake walifungua mlango.*

Eufrasia aliyatazama maneno yale mawili. Yeye ndiye aliyelifundisha. Aliyaandika maelfu ya mara kwa vidole vyake hivi, na hakuwahi kujiuliza ndani yake kunakaaje. Sasa alikuwa ndani yake. Hapakuwa na baridi wala joto. Angeweza kubaki humo, na hakuna mtu ambaye angemsumbua.

Akayafuta.

Akaandika: *Wende Luhwago alivuka mto peke yake, akafungua mlango.* Akaandika: *Osmundi Kiwele alifika mlango umeshafunguliwa.* Kisha akaandika jina lake, ambalo yeye mwenyewe alikuwa ameliondoa kwenye ukurasa huo, na mbele yake, herufi kwa herufi, bila kufupisha:

*Eufrasia Nyagawa alifika mtoni, akaogopa, akarudi.*

"Shahidi anathibitisha?" Sikio likauliza.

"Anathibitisha," akasema, akavuta kikombe cha chai iliyopoa, akainywa yote.